Tuhitimu Njia Tulizoziacha



Katika kitabu chetu hiki cha mwaka huwa tunaandikiana habari za ndoa, za watoto waliozaliwa, za waliofaulu mitihani na za waliotutangulia mbele ya haki. Ni nadra mtu kuandika habari ya jambo alilolianza likamshinda. Mwaka huu nimeona niandike habari hiyo na kutoa rai yangu juu yake, kwani wengi wetu tuliofika miaka sitini na kitu tunayo mambo ya namna hiyo, nasi tumeyafunika kwa sababu ambazo si za kweli.

Mambo yangu mimi ni njia mbili za miguu. Jamaa zetu walioko Maskati na Dubai pengine watauliza njia za miguu ni kitu gani, basi nieleze kidogo. Hapa Uingereza ziko njia ndefu za kutembea zilizowekwa rasmi, zinazopita mashambani na milimani, na kila penye njia panda pana alama ya tunda la mwaloni ili mpitaji asipotee. Hapana kiingilio wala tikiti. Njia ya kwanza niliyoianza ni South Downs Way, ambayo ina maili 100, kutoka mji wa Winchester mpaka Eastbourne penye bahari. Ya pili ni Pennine Way, maili 268, kutoka kijiji cha Edale katikati ya Uingereza mpaka Kirk Yetholm, kijiji kilichoko ng'ambo ya mpaka wa Scotland. Zote mbili niliziacha njiani. Ya kwanza niliiacha Amberley mwaka 2013, karibu na nusu yake. Ya pili niliiacha Dufton mwaka 2017, baada ya kuikata vipande vipande kwa miaka mitatu, ikiwa imebaki maili zaidi ya 100.

Sasa, Mungu akipenda, nataka kuzimaliza. Rai yangu ni kwamba njia iliyoachwa yafaa imalizwe, lakini mipango ya kuimaliza isianzie kwenye ramani, wala isianzie dukani kwenye viatu. Ianzie kwenye sababu ya kweli iliyotufanya tuiache.

Nianze na Amberley, maana hiyo ni nyepesi kuisema. Watu niliwaambia kwamba miguu ilifanya malengelenge. Ni kweli, malengelenge yalikuwapo. Lakini yalitoka wapi? Nilinunua mabuti mapya siku mbili kabla ya safari, nikajaza shanta vitu ambavyo sikuvitumia hata kimoja, na siku ya kwanza nikatembea mbio ili niwaonyeshe vijana tuliokuwa nao kwamba Mwalimu bado yumo. Siku ya nne tukafika Amberley, ambapo stesheni ya treni iko karibu kabisa na njia. Nikasikia treni inakuja, na treni ikashinda. Kwa hiyo kilichonirudisha nyumbani hakikuwa malengelenge. Yalikuwa majivuno ya siku ya kwanza, na malengelenge ni mtoto wake tu.

Habari ya Dufton ni nzito zaidi, na naiandika kwa idhini ya mwenyewe.

Nilikuwa na shemeji yangu, kaka wa mke wangu, ambaye nyote mnamjua. Kutoka Dufton njia inapanda mpaka Cross Fell, mlima wa mita 893, ambao ndio mrefu kupita yote katika Pennine Way. Mlima huo una hata upepo wenye jina lake, Helm Wind, unaoteremka ubavuni kwa nguvu kubwa. Asubuhi ile ya Agosti hapakuwa na upepo, bali wingu lilikuwa limekaa juu ya mlima halitikisiki. Shemeji alisema tungoje. Mimi nikasema twende. Tulipofika Knock Fell, kilele cha kwanza, ukungu ulikuwa mzito hata rada kubwa nyeupe iliyoko kilele cha pili, umbali wa maili moja na kitu, hatukuiona kabisa. Akaniambia, "Mwalimu, turudi." Nikamjibu, "Rudi wewe." Nikaenda zangu. Sikufika mbali. Nilipogeuka nyuma sikumwona mtu wala sikuiona njia. Nikaita. Akanijibu kwa filimbi, akapuliza tena na tena mpaka nikamfikia. Hakuwa ameondoka hata hatua moja pale nilipomwacha. Tukateremka bila ya kusema neno.

Tuliporudi nyumbani watu wakauliza kulikoni. Nikasema, "Goti la shemeji." Naye alikuwapo, amekaa na kikombe chake cha chai, akanyamaza. Tangu siku ile "goti la shemeji" limekuwa mzaha wetu. Limesemwa katika harusi, limesemwa katika Idi, na mtu yeyote akiachia kazi njiani huambiwa amepata goti la shemeji. Wengi mnaosoma hapa mmelicheka, na aliyelianzisha ni mimi.

Mwaka jana mjukuu wangu alimwuliza, "Babu, goti lako limepona?" Akamjibu kwa upole, "Goti langu halijapata kuugua, mwanangu. Kamwulize Mwalimu." Usiku ule sikulala vizuri. Asubuhi nilikwenda nyumbani kwake nikamwomba radhi, kisha nikamwomba ruhusa ya kuliandika jambo hili mahali ambapo wote mtalisoma, maana uongo uliosemwa mbele ya watu haufutwi kwa radhi ya chumbani. Akasema, "Andika. Lakini usinifanye shujaa. Andika kwamba nilikuwa nasikia baridi."

Basi jamaa zangu, goti la shemeji halikuwa na lolote. Kilichotuangusha Cross Fell ni kiburi changu, na kilichotuteremsha salama ni akili yake.

Mtaona sasa kwa nini nasema mipango ianzie kwenye sababu ya kweli. Kama ningeendelea kuamini kwamba lililotushinda ni goti, ningenunua bandeji ya goti, nikarudi mlimani na kiburi kile kile.

Naam, wako watakaosema kwamba aliyeacha njia afadhali aianze upya tangu mwanzo, kwani kuikata vipande si kuimaliza. Mimi sikubaliani nao, na hoja yangu naitoa chuoni tulikosomeshwa Kurani. Alikuwapo mwenzetu mmoja aliyeugua miezi mingi. Aliporudi sote tulitazamia kwamba Maalim atamrudisha kwenye alifu. Maalim akafungua msahafu wake penye uzi aliokuwa ameuacha, akamwambia, "Soma." Hapana aliyemwambia kwamba juzuu zake za kwanza zimeharibika kwa sababu aliugua. Siku aliyohitimu, sinia la halua lilikuwa sawa na la wengine. Na neno lenyewe kuhitimu, ambalo siku hizi tunalitumia kwa vyuo vikuu, limetokana na kuikhitimu Kurani, yaani kuifikisha mwisho. Aliyefika mwisho amehitimu, hata kama alipumzika njiani.

Aidha njia yenyewe ya Pennine haikupatikana kwa pumzi moja. Mwandishi wa magazeti, Tom Stephenson, alitoa wazo lake mwaka 1935. Njia ilifunguliwa mwaka 1965, baada ya miaka 30, kwa kuwa ilibidi kuombwa na kupiganiwa haki ya kupita, kipande baada ya kipande, katika mashamba ya watu. Ikiwa walioiweka hawakuona haya kuchukua miaka 30, mimi nione haya ya nini kuitembea kwa miaka kumi na kidogo?

Wako pia, na hasa wazee wenzangu, wanaosema kwamba kutembea milimani bila ya haja ni mambo ya Wazungu. Neno hili lina pande mbili. Upande wa kwanza, njia hizi hazikuwa za kila Mzungu. Mwaka 1932 mamia ya vijana, wengi wao wafanyakazi wa Manchester, walipanda mlima wa Kinder Scout ambao wenyewe waliufunga kwa ajili ya kuwinda ndege. Watano kati yao walitiwa jela. Sheria ya kuanzisha mbuga za taifa na njia ndefu haikupitishwa mpaka 1949. Kinder Scout uko siku ya kwanza ya Pennine Way, na kila anayepita pale, awe mjukuu wa Manchester au mjukuu wa Unguja, anapita kwa sababu ya watu wale. Watoto wetu wamezaliwa hapa, na ni haki yao kuzijua njia hizo kama wanavyozijua barabara za magari.

Upande wa pili, kutembea masafa marefu si jambo geni kwetu. Sidi Mubarak Bombay, aliyetekwa utumwani akiwa mtoto, akapelekwa Bara Hindi na baadaye akaja kukaa Unguja, alifuatana na Burton na Speke mpaka Ziwa Tanganyika, akafuatana na Speke tena mpaka Nyanza, akawa katika msafara wa Stanley wa 1871, kisha akavuka bara zima pamoja na Cameron kati ya 1873 na 1875. Vitabu vya wenzake vinasomwa, yeye hatajwi ila pembeni. Sikusudii kufananisha safari yake na matembezi yangu, kwani yeye alitembea kwa kazi na kwa mashaka, nami natembea kwa hiari na chupa ya chai. Nasema tu kwamba anayedai kutembea si kwetu hajui waliofungua njia za bara walikuwa nani.

Wa mwisho ni watoto wangu, ambao husema kwa mapenzi, "Baba, umri." Hawa siwapuuzi. Umri haujibiwi kwa majivuno. Unajibiwa kwa hesabu, na hesabu nimeifundisha kwa hiyo siogopi kuionyesha.

Iko kanuni ya zamani ya wapanda milima, aliyoitoa Mskoti Naismith mwaka 1892: kwa kila maili 3 weka saa moja, na kwa kila futi 2,000 za kupanda ongeza saa nyingine. Kutoka Dufton kupita Cross Fell mpaka kijiji cha Garrigill ni kiasi cha maili 16, na kupanda kwa jumla ni kama futi 3,000. Hiyo ni saa 5 na dakika 20 za mwendo, na saa moja na nusu za kupanda, jumla karibu saa 7. Lakini Naismith alihesabu kwa mtu mwenye nguvu asiyesimama. Mimi nimeongeza nusu yake, kisha nikaongeza wakati wa kula na kusali. Nimepata saa 12. Katika mwezi wa Juni, pande zile jua huchomoza kabla ya saa 11 za alfajiri na kuchwa karibu saa 4 kasorobo za usiku, kwa hiyo mwanga upo wa kutosha hata kwa mzee. Mwezi wa Novemba hesabu hiyo hiyo ingenikataza, nami ningetii.

Mipango yetu basi ni hii. Majira ya joto yajayo tutaanza na South Downs Way, kutoka Amberley pale pale penye stesheni mpaka Eastbourne. Zimebaki maili zisizopungua 50, nasi tumezigawa katika siku sita, maili 8 au 9 kwa siku. Katikati iko stesheni ndogo ya Southease, ambapo wajukuu watakuja kutembea nasi siku mbili za mwisho, kupita majabali meupe ya Seven Sisters yanayotazama bahari. Mabuti nimekwisha kuyanunua, nami nayavaa kila siku kwenda sokoni mpaka muuza samaki ananicheka. Shanta haitazidi kilo saba. Tende, njugu na kashata ndizo akiba ya njiani.

Mwaka unaofuata, katika Juni, tutarudi Dufton. Miaka hii Ramadhani inatuangukia katika baridi, si kama mwaka 2016 ilipokuja Juni, kwa hiyo majira ya joto yako wazi kwetu na tusiyapoteze. Zile maili zaidi ya 100 tumeziwekea siku 14, mbili kati yake za kupumzika. Kipande cha mwisho, juu ya milima ya Cheviot baina ya Byrness na Kirk Yetholm, kina zaidi ya maili 25 bila ya kijiji hata kimoja njiani, ila vibanda viwili vya kujikinga na hali mbaya. Vijana huikata kwa siku moja. Sisi tutaigawa mara mbili, tukiteremka bondeni jioni, ambako mpwa wangu atatungoja na gari. Hapana aibu katika gari la mpwa, maadamu asubuhi tunarudishwa pale pale tulipoachia.

Ibada nayo imekwisha kupangwa. Msafiri wa masafa haya ana ruhusa ya kupunguza na kukusanya sala. Mabuti yenye kufunika vifundo, akiyavaa akiwa na udhu, ana ruhusa ya kupaka maji juu yake siku tatu na usiku wake badala ya kuosha miguu kila mara. Wenye kutaka masharti kwa ukamilifu wawaulize masheikh. Mimi nataka tu kusema kwamba dini ilimfikiria mtembea kwa miguu zamani, kabla ya wenye maduka ya mabuti.

La usalama ni hili. Ramani za Ordnance Survey tutachukua zile ambazo sentimita 4 ni kilomita moja, pamoja na dira, kwani simu hufa betri mlimani. Filimbi tutakuwa nazo mbili. Ishara ya kuomba msaada ni kupuliza mara sita, kungoja dakika moja, kisha kupuliza tena. Simu ikishika, unapiga 999, unaomba polisi, kisha unawaambia unataka waokoaji wa milimani. Kila jioni tutampigia binti yangu, na tusipopiga atajua la kufanya.

Juu ya yote hayo tumewekeana sharti moja ambalo halimo katika kitabu chochote cha njia. Mmoja wetu akisema "turudi", tunarudi, na haulizwi kwa nini. Tena nyumbani tutasema sababu iliyokuwapo, si nyingine.

Sharti hilo, ndugu zangu, ndilo ninalotaka mlichukue hata ninyi msiotaka kutembea hata mpaka kituo cha basi. Kila nyumba yetu ina njia iliyoachwa. Mmoja aliacha kujenga nyumba ya urithi akasema fedha hazikutosha, kumbe ndugu walisutana. Mwingine aliacha masomo ya usiku akasema kazi ilimzidi, kumbe alichekwa darasani. Wengine waliacha kwenda nyumbani kuwaona wazee wakasema nauli. Katika kila sababu iliyobuniwa, mara nyingi yuko mtu mwingine aliyebebeshwa lawama naye akanyamaza kwa kutustahi, kama shemeji na goti lake. Ukitaka kumaliza ulichokiacha, nenda kwanza kwa mtu huyo. Mlango wake ndio maili ya kwanza.

Wala sisemi kila kilichoachwa lazima kimalizwe. Huenda Cross Fell ikatukataa tena, nasi tukateremka tena. Nikiteremka kwa sababu ya kweli nitakuwa nimeteremka na rafiki yangu, si kama mara ile.

Wakishua kule Kirk Yetholm iko hoteli ambapo Wainwright, mwandishi maarufu wa vitabu vya milima, alikuwa akiwalipia bia wanaomaliza njia. Sisi tutaomba chai, na atakayelipa ni mimi, kwa sababu deni ni langu.

Vijana mnaotaka kuja Southease, waambieni wazazi wenu wanijulishe mapema, ili nihesabu kashata. Na kuanzia leo nawaombeni nyote tuliache lile neno la goti. Mtu akiachia kazi njiani, semeni amepata ukungu wa Mwalimu.

Wabillahi tawfiq.